Barua ya Uhamisho Ina Jina Moja

Msikilizaji wangu uliye jikoni, punguza moto kidogo unisikie. Uliye kwenye bajaji, mwambie dereva aongeze sauti. Na wewe ambaye muda huu uko stesheni, begi mgongoni, tiketi ya Dar es Salaam imo kwenye simu, wewe hasa usiende mbali, maana leo nina maneno na wewe.

Wanaonifahamu wanajua kwamba siku nyingine zote mimi ni fundi cherehani. Ijumaa ndiyo naacha sindano nashika maikrofoni. Leo tuzungumze juu ya kuhamia mji wa kati. Hapa Dodoma neno hilo lina maana mbili: tuko katikati ya nchi, halafu ukubwa wetu nao ni wa katikati. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 765,000 katika Jiji la Dodoma. Dar es Salaam walizidi milioni 5. Kwa hiyo sisi si kijiji, lakini pia si ule msitu wa watu ambao ukiingia unapotea.

Unataka kujua mji wa kati ni upi bila kusoma sensa? Mkwepe mtu mmoja. Mkwepe asubuhi pale soko la Majengo, labda una deni lake. Mchana utamkuta benki, yuko mbele yako kwenye mstari. Jioni unakwenda kikao cha harusi, unavuta kiti, unageuka kumsalimu jirani yako: ndiye yeye.

Turudi nyuma kidogo, kwa faida ya vijana. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa enzi za TANU, mwaka 1973. Mimi sijazaliwa. Nimekulia Dar es Salaam nikisikia kwamba serikali inahamia Dodoma kama unavyomsikia mzee wa jirani akisema mwezi ujao anaacha sigara. Bunge lilikuja, ni kweli. Likikaa, vyumba vya kulala wageni vinajaa na bei zinapanda; likiahirishwa, waheshimiwa wanaondoka na mji unabaki na upepo wake. Kisha Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba sasa serikali inahama. Septemba ya mwaka huohuo Waziri Mkuu Majaliwa alikuwa ameshahamia. Utani ukaishia hapo. Mzee ameacha sigara.

Barua ya mume wangu ilikuja mwaka 2017. Ilikuwa fupi, ina muhuri, na ina jina moja. Lake. Niliisoma mara mbili nikitafuta langu. Nilikuwa na kibanda cha kushonea Tabata, kulekule Dar es Salaam, vyerehani vitatu, wasichana wawili wa kunisaidia, na daftari la vipimo lenye viuno na mabega ya nusu ya mtaa. Mtumishi akihamishwa hulipiwa yeye, mkewe, watoto na mizigo. Wateja wa mkewe nani anawaandikia barua?

Basi tukafanya walichofanya wengi. Yeye akatangulia, mimi na watoto tukabaki. Tukaambiana ni mwaka mmoja tu, mtoto mkubwa amalize mtihani. Mwaka ukapita, ukaja na mwingine. Kila Ijumaa usiku mlango unagongwa, ni yeye, kavimba miguu kwa saa nane za basi, mkononi mfuko wa zabibu zilizopondeka. Jumapili mchana anaondoka. Majirani zangu wa Tabata wakanibandika jina, mke wa Ijumaa. Wao walicheka.

Hebu niambie, wewe uliyepitia: kwenye ndoa ya Ijumaa watu wanazungumza nini? Ada. LUKU. Bomba linalovuja. Mambo ya wiki nzima yanabanwa ndani ya Jumamosi moja, na ukitaka kununa lazima unune haraka, maana Jumapili saa sita basi linaondoka. Mtoto wangu wa pili alifika mahali akawa anamwonyesha baba yake madaftari ya shule akiwa amesimama wima, mikono nyuma, kama amekuja mkaguzi. Siku niliyoliona hilo ndiyo siku niliyoanza kufunga vyerehani.

Januari 2019 tukahama. Mama yangu nilipompigia simu kumwambia kwamba ofisi za mume wangu zinajengwa Mtumba, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mtumba wa nguo?" Nikamweleza kwamba Mtumba ni jina la mahali, kilomita kama 17 kutoka katikati ya jiji, ndiko unakojengwa mji wa serikali. Akasema, "Haya mwanangu, mradi ziwe zimefuliwa."

Mwezi wa kwanza huku ni mwezi wa mvua. Nilikuta majani, mtama umesimama mashambani, vilima vya mawe vimevaa kijani. Nikasema moyoni, kumbe wamenidanganya, wanasema Dodoma jangwa. Nikapiga na picha nikatuma Tabata. Wenyeji waliniangalia tu. Mvua ya huku ikishafika Aprili inaaga, na haionekani tena mpaka Novemba mwishoni, mara nyingine Desemba. Ilipofika Agosti nilikuwa nimeelewa. Vumbi linaingia mpaka kwenye mdomo wa cherehani. Juni na Julai upepo wa alfajiri unakupiga usoni, na sisi watu wa pwani tulioishi na jasho maisha yetu yote tunakwenda kugombania masweta. Masweta ya mtumba, nguo safari hii, mama asije akasikia. Midomo inapasuka. Nenda nyumba yoyote ya mhamiaji, utaona kopo la mafuta ya mgando karibu na televisheni.

Nyumba tulitafuta kwa dalali, kama kila mtu. Dalali wetu alinionyesha nyumba tano siku moja, na kila tukishuka kwenye bodaboda sentensi yake ni ileile: "Hapa dada, lami inakuja." Tukalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ya mwezi mmoja juu yake kwa dalali, tukaingia Ipagala. Lami? Tunaendelea kuzungumza.

Maji nayo yana somo lake. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili inatoka kwenye visima vya Mzakwe, chini ya ardhi, na yana chumvichumvi. Sabuni ileile iliyokuwa ikitoa povu Tabata, huku inakuangalia tu. Halafu ni ya mgao, kwa hiyo unajifunza siku ya mtaa wako kama unavyojua siku ya kusali. Siku ya maji hakuna mwanamke anayekwenda safari. Utasikia ndoo zinagongana alfajiri, mtaa mzima umeamka, na habari zote za wiki zinasomwa hapo, bila redio. Samaki wabichi, nisikufiche, bado nawalilia. Wanakuja kwenye barafu kutoka Mwanza na wengine kutoka Mtera, lakini aliyezoea soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, humdanganyi. Nimejifunza mlenda na ugali wa uwele. Mwanzoni nilikula kwa adabu. Siku hizi naomba kuongezewa.

Sasa nifike kwenye jambo nililotaka kulisema tangu mwanzo, na nitalirudia ili ulishike. Mji wa kati unakupa muda. Narudia: mji wa kati unakupa muda. Je, ukishaupata unaupeleka wapi?

Tupige hesabu ya vidole. Kule Dar es Salaam mume wangu alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri, watoto wamelala, anarudi saa mbili usiku, watoto wamelala. Huku ofisi inafungwa saa tisa na nusu. Anapanda basi la watumishi, saa kumi na nusu yuko mlangoni. Siku ya kwanza nilidhani amefukuzwa kazi. Jua liko juu, kuku wanadonoa uani, mtu mzima amesimama na suruali ya ofisi. Nikamwuliza, kuna nini? Akasema, hakuna kitu, nimerudi. Tukaangaliana. Nikamkaribisha kama mgeni, nikampa na kiti.

Usicheke. Watu tuliolelewa na foleni hatujui kurudi nyumbani mchana. Foleni ilikuwa inatufanyia kazi nyingi bila sisi kujua. Umechelewa kikao? Foleni. Hukwenda kumwona mgonjwa? Foleni. Mwalimu aliita wazazi hukutokea? Ee bwana, foleni ya Buguruni unaijua. Huku udhuru huo hatuna. Shule ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Mgonjwa yuko mtaa wa pili. Usipokwenda, kila mtu anajua kwamba hukutaka.

Wiki za mwanzo mume wangu alizunguka ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alipanga upya makabati yangu ya jikoni. Nikavumilia. Akaanza kuniuliza kwa nini chumvi inakaa karibu na jiko. Hapo nikamwambia, baba watoto, toka nje kidogo.

Na nje wanaume wenzake walikuwa wengi, kila mmoja na jua lake la saa kumi na nusu. Wengine wameupeleka muda kwenye nyama choma, na sitawasema sana maana Jumamosi hata mimi huonekana mnada wa Msalato. Wengine wamerudi shule. Mji huu una Chuo Kikuu cha Dodoma tangu 2007, una chuo cha mipango, na jioni utawaona watu wenye mvi wamekumbatia madaftari. Wengine wamenunua shamba la zabibu, maana wamesikia huvunwa mara mbili kwa mwaka, wakapiga hesabu ya mara mbili wakasahau hesabu ya maji, ya kupogolea, ya dawa, ya ndege. Mume wangu na wenzake wawili waliwahi kwenda kumwona mkulima mmoja njia ya Hombolo kuomba ushauri. Yule mzee aliwatazama viatu, akawauliza, "Mtakuwa mnakuja lini?" Wakasema wikiendi. Akawaambia zabibu si kilimo cha simu, akawapa kikapu kimoja wakale na watoto. Wakarudi.

Wangu aliishia kwenye kitu kidogo kabisa. Alianza kumfuata mtoto shuleni kwa miguu, wanarudi pamoja. Njiani wanapita kwa fundi baiskeli, wanapita kwa mama wa karanga. Baada ya miezi michache yule mtoto wa mikono nyuma alikuwa anambishia baba yake kama mtoto mwingine yeyote. Nilimsikia siku moja anamwambia, "Baba, wewe hujui." Nikainamia cherehani changu nikatabasamu peke yangu.

Jambo dogo hapa, halafu tuendelee. Mpango wa kwanza wa makao makuu, wa mwaka 1976, uliotengenezwa na kampuni ya wataalamu wa Kanada, ulitaka Dodoma iwe mji wa watu kutembea kwa miguu na kupanda basi. Magari binafsi yakae nyuma. Siku hizi nikisimama barabarani jioni nahesabu magari, kila moja na mtu mmoja ndani, nasikitika kidogo. Tumekimbia foleni, na kuna wenzetu wamekuja nayo kwenye mizigo.

Lakini ngoja. Nimesema mji wa kati unakupa muda. Ulimpa nani? Ulimpa mwenye barua. Mimi nilikuwa na muda mwingi pia, lakini wa aina nyingine. Wa mtu asiye na kazi.

Nilikuja na lile daftari la vipimo. Mume wangu aliniuliza kwenye lori, hilo la nini? Nikasema litafaa. Viuno vyote vimebaki Tabata, mabega yote Tabata, mimi nina karatasi. Nikafungua kibanda barabarani, nikatundika gauni la kitenge mlangoni, nikakaa. Kule Tabata mteja alikuwa anatoka kwenye kupita. Watu elfu wanapita, kumi wanageuza shingo, mmoja anaingia. Huku wanaopita ni walewale. Aliyepita asubuhi kwenda kazini ndiye anayepita jioni kurudi, na kesho ni yeye. Akishakuona mara tatu hakuoni tena. Nilikaa wiki sita nikishona nguo za watoto wangu.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mwenye nyumba wetu. Alileta sketi ya zamani kubadilisha zipu. Nikambadilishia, nikakataa hela. Akaniambia, "Pokea. Ukikataa nitashindwa kukuletea nyingine." Nikapokea. Jumapili akaivaa kanisani, na baada ya ibada, nasikia, alikuwa anageuka kuwaonyesha watu zipu. Jumatatu nilikuwa na wanawake wanne kibandani.

Ndivyo kazi inavyokwenda huku, ndugu msikilizaji. Inapita mdomoni mwa watu. Na mdomo una pande mbili! Mwaka uleule nikapokea gauni la kuagwa kwa bibi harusi. Haraka zangu zikanifanya nikate mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake. Dar es Salaam jambo hilo lingekwisha kwa ugomvi wa nusu saa. Mteja anaondoka na hasira zake, anamezwa na jiji, simuoni tena maisha. Huku, lile gauni lilikuwa la binti wa mwanakwaya, mwanakwaya anafanya kazi na mke wa mwalimu wa mwanangu, na mwalimu wa mwanangu ana mashati mawili kwangu. Jumamosi hiyo mtaa mzima ulikuwa unaujua mkono wangu. Nilinunua kitambaa kwa hela yangu, nikakesha, nikapeleka mwenyewe mpaka nyumbani kwao, nikasimama mlangoni. Yule mama alinipokea, akaupima mkono wa kulia, akaupima wa kushoto, akaita na dada yake aje kupima. Kisha akaniwekea chai. Na hilo nalo lilitangazwa, Mungu anajua, kwa sauti ileile.

Nimekuwa fundi bora tangu hapo, na si kwa hiari.

Nimemtaja mama mwenye nyumba. Nimzungumzie kidogo, maana wengi wetu tuliohamia tunazungumza habari za barabara na viwanja, na wenye mji hatuwataji. Yeye ni Mgogo, amezaliwa palepale kabla hapajaitwa mtaa. Ng'ombe wa baba yake walilala mahali ambapo leo kuna duka la vigae. Siku ya kwanza alinisalimu, "Mbukwa." Mimi nikajibu, "Shikamoo." Akaniangalia, akaitikia marahaba, na kesho yake akaanza tena, "Mbukwa," mpaka nikaelewa kwamba nafundishwa.

Tulikuja na utani wetu, tusifichane. Dar es Salaam ukitaja Wagogo, mtu anataja ombaomba. Ardhi hii mvua yake ni chache, na njaa zimewahi kuwapeleka watu mpaka kwenye taa za barabarani za mjini, na sisi tulipandisha vioo tukatunga vichekesho. Siku moja tunachambua mboga barazani, yule mama akaniambia, "Zamani tulikuwa tunakuja kwenu kuomba mnatucheka. Sasa mmekuja wenyewe, mnaomba vyumba." Akacheka mpaka akatoa machozi. Mimi nikachambua mboga.

Na ndani ya kicheko kile kuna jambo zito. Mji ukikua kwa kasi, kuna anayepata na kuna anayesogezwa. Migogoro ya viwanja hapa ni ya miaka mingi kuliko sisi. Ilikuwapo tangu mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ile CDA iliyoanzishwa 1973 na kuvunjwa 2017. Na wako waliouza mapema, kwa bei iliyoonekana kubwa siku ile, wakasogea nje. Mji ukawafuata, wakauza tena wakasogea tena. Mama mwenye nyumba hakuuza. Ana kaka zake wawili waliouza. Wakija kumsalimu wanapanda daladala mbili.

Sasa nimgeukie yule wa stesheni. Bado upo? Begi lako liko sawa?

Treni ya mwendokasi ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, Julai 2024, nilishangilia kama kila mtu. Saa nane za basi zimekuwa pungufu ya nne. Miguu haivimbi. Zabibu zinafika nzima! Lakini nikaanza kuona kitu. Wenzetu waliokuwa wamechoka na safari za Ijumaa, waliokuwa wamebakiza kidogo tu walete familia, wakapata nguvu mpya. Miaka saba, minane, mtu yuko Dodoma, chumba chake kina godoro, birika, na pasi. Pazia alilokuta ndilo lililopo.

Sikulaumu. Najua kuna mke mwenye kazi yake, na barua yake haijaja. Kuna mzazi anayeuguzwa. Kuna mkopo wa nyumba Kibamba. Mimi mwenyewe nilikaa miaka miwili upande huo na nilikuwa na sababu zangu, nzuri kabisa. Ila nakuuliza swali moja tu, na si la ofisini: kinyozi wako yuko wapi? Nimewauliza watu wengi swali hili. Mtu ana miaka saba hapa, anakaa na nywele mpaka Jumamosi akanyolewe Mwananyamala. Nikisikia hivyo nimeshapata jibu la mengine yote.

Na mimi nisijifanye. Nilikuwa nimehama na vyerehani, na watoto, na masufuria, nikadhani nimehama. Kuna kitu kimoja nilikiacha.

Mtaani kwetu, kama mitaa mingi, tuna chama cha kuzikana. Kila nyumba shilingi 2,000 kwa mwezi, jina linaandikwa kwenye daftari. Mama mmoja alikuwa anapita nalo. Alikuja mara ya kwanza, nikamwambia nachangia Tabata. Alikuja mara ya pili, nikamwambia, mama, nimeshakueleza, nachangia kule, natuma kwa simu. Mara ya tatu hakuuliza. Alikunywa maji, akasema sawa, akaenda nyumba ya pili. Niliona nimeshinda. Mtu hawezi kulipia misiba miwili, au siyo?

Machi 2021 baba yangu akafariki, Korogwe. Simu ilikuja saa tano usiku. Mume wangu alikuwa safari ya kikazi Kigoma. Nilikaa kitandani na simu mkononi, nawaza watoto, nawaza sare ishirini na mbili za shule zilizotakiwa Jumatatu, nawaza nauli. Sijui nani alinisikia nikilia. Kuta zetu si nene. Saa sita mama mwenye nyumba yuko mlangoni na khanga mbili. Saa saba yupo mjumbe. Saa nane, yule mama wa daftari, kajifunga kilemba. Hakuna aliyeniuliza nachangia wapi. Mmoja akalala na watoto wangu usiku ule na siku sita zilizofuata. Fundi mwenzangu wa barabara ya juu, ambaye hatukuwa tunasalimiana vizuri kwa sababu za kibiashara, alibeba zile sare akazimalizia. Alfajiri jirani wa geti la tatu akanipeleka stendi ya Nanenane kwa gari lake, bahasha mkononi mwangu, majina yameandikwa nyuma yake kwa kalamu ya risasi. Tabata nao walituma rambirambi kwa simu, na hawakukosea. Nilikuwa mbali.

Niliporudi, wiki ya pili, yule mama akaja. Akanipa pole tena, akakaa, akanywa maji. Kisha akafungua daftari. Jina langu lilikuwa limeandikwa, na mbele yake hesabu: miezi 26, shilingi 52,000. Alikuwa ananihesabu tangu mwezi niliohamia.

Nililipa.

Basi, msikilizaji, fundi mitambo ananionyesha vidole viwili, dakika zangu zimebaki mbili. Wiki ijayo tutazungumza juu ya wanaohamia huku na wazee wao. Yule wa stesheni, safari njema, wasalimie. Muda bado upo, kinyozi wa pale karibu na soko anafungua mpaka saa tatu usiku.

Na tangazo moja la mtaa wangu, mwenye kituo anisamehe. Siku hizi daftari nalishika mimi. Kesho saa kumi na moja jioni ni zamu ya kupita. Wewe wa nyumba ya geti jeusi, uliyeniambia mwezi uliopita kwamba unachangia Kimara, najua unanisikiliza. Wakati nakuja studio nimeona gari lako limeegeshwa. Kesho usitoke, nitakuja kunywa maji.